Kafara ya Asiyetenda Dhambi

Yako maswali ambayo wanazuoni wa zamani waliyaandikia juzuu kwa juzuu, na ambayo leo yamehamia katika mahema ya turubai, mahali ambapo aghalabu hapana mwanazuoni hata mmoja. Na mojawapo ni hili: mtu aliyelazimika kutenda jambo ambalo mwisho wake ni mauti ya mwenziwe, ilhali hakukusudia wala hakuwa na njia nyingine, abaki na kitu gani shingoni mwake? Wapo wajibuo upesi kwamba hana kitu, aende zake akalale. Wapo pia wasemao kwamba ana dhambi, atubu. Mimi naona makundi yote mawili yamekosea, na la kwanza limekosea zaidi, kwa kuwa ndilo aghalabu lenye kuajiri.

Kwetu Mbweni, upande huu wa kaskazini ya Kinondoni baina ya Ununio na mto Mpiji, wamehamia wastaafu wengi waliojenga kwa kiinua mgongo chao, na miongoni mwao yuko mama mmoja muuguzi ambaye mtaa mzima humwita Sista mpaka leo, ingawa sare aliivua zamani. Mwaka 1994 alikuwa Ngara. Mwishoni mwa Aprili mwaka ule, kwa muda wa siku moja au zaidi kidogo, watu wapatao 250,000 walivuka daraja la Rusumo kutoka Rwanda, na Benaco, palipokuwa pori, pakawa na watu wengi kuliko miji mingi ya nchi hii, na huku mto Kagera ukichukua maiti kuzipeleka Ziwa Victoria. Waliovuka hawakuwa wa namna moja. Walikuwamo wajane na watoto, na walikuwamo pia waliotoka kuua, wakiongozwa na wakuu wale wale waliosimamia mauaji vijijini mwao, ambao walipofika kambini waliendelea kuwatawala watu wao na kutia mkono katika mgao wa chakula.

Sista hapendi kusimulia, na katika yote aliyoyaona amenieleza habari za usiku mmoja tu. Hema la wagonjwa wa kuhara damu lilikuwa limejaa, dripu zimebaki chache, na gari la vifaa halijafika. Akaletwa mwanamume aliye taabani, naye akamtafutia mshipa, akamtundikia dripu. Ndipo wanawake waliolala upande ule walipogeuza nyuso zao, na mmoja akamnong'oneza bwana yule ni nani na alifanya nini katika kijiji chao. Kabla ya alfajiri akaletwa mtoto, naye Sista hakuwa na kitu cha kumtundikia. "Nilifuata sheria ya kazi, maalim," aliniambia. "Aliye hoi zaidi ndiye wa mbele. Ningeufuata moyo wangu usiku ule, ningekuwa nani mimi?" Sheria hiyo si ya kwake peke yake, ndiyo ile kanuni ya kutopendelea iliyotangazwa na Msalaba Mwekundu pamoja na kanuni nyingine sita huko Vienna mwaka 1965, na hapana muungwana awezaye kuibeza. Mwanamume yule alipona.

Msiba huu wa dhamiri ulipewa jina katika elimu ya uuguzi na Mmarekani Andrew Jameton, mwaka 1984, aliyeeleza kwamba humpata mfanyakazi alijuaye lililo sawa, hali taasisi yake imemfunga mikono asilitende. Maelezo hayo ni mazuri, walakini yanafaa zaidi hospitali yenye kuta. Sista hakulijua lililo sawa, na mpaka leo halijui. Angemnyima dripu yule bwana angekuwa hakimu asiye na mahakama, na alipompa akawa sababu mojawapo ya mtoto kukosa. Hata wakubwa wa kazi hii walishindwa kuafikiana: tawi la Ufaransa la Madaktari Wasio na Mipaka liliondoka katika kambi za Zaire mwezi wa Novemba 1994, na baadaye likaziacha na za Tanzania, kwa kukataa msaada usiwe nguvu ya wauaji, ilhali matawi mengine ya shirika lilo hilo yaliendelea kwa muda, kwa ajili ya wagonjwa wasio na hatia waliojaa mle mle.

Sasa tumwambie atubu? Toba, kama tulivyofundishwa chuoni, ina sharuti zake: mtu aliache lile tendo, alijutie, aazimie kutolirudia, na ikiwa pana haki ya mja mwenziwe airejeshe. Sista alijuta, lakini kuazimia hakuweza, kwa sababu usiku wa pili alirudi katika hema lile lile na dripu zilikuwa chache vile vile. Kumfundisha toba mtu wa namna hii ni kumtwisha deni asilolikopa. Na tukimwambia hana kitu, tunasema uongo wa namna nyingine. Mwanafalsafa wa Kiingereza Bernard Williams, katika maandishi yake ya mwaka 1976, alitoa mfano wa dereva wa lori aliyemgonga mtoto pasipo kosa lake, akaona kwamba dereva ambaye angejiondolea uzito huo kwa wepesi, kana kwamba alikuwa mtazamaji tu, angetutia shaka. Amesema kweli, ila hakumwambia dereva afanye nini kesho yake.

Fiqhi yetu imemwambia. Aliyeua kwa makosa, bila ya kukusudia, hana dhambi ya kuua, na pamoja na hayo sheria haikumwacha aende mikono mitupu: imemlazimu kafara, yaani kumwacha huru mtumwa mwenye imani, na asipopata, kufunga miezi miwili mfululizo. Tena ikaweka dia kwa jamaa wa marehemu, na hapa ndipo ninapoistaajabia hekima yake, kwa sababu dia hiyo, kwa madhehebu ya Shafi tuyafuatayo mwambao huu, haitoki mfukoni mwa aliyeua; hulipwa na akila, ndio jamaa zake wa upande wa baba, kwa muda wa miaka mitatu. Uzito umegawanywa mafungu mawili: lililo baina ya mja na Mola wake amebeba mwenyewe, na lililo baina yake na watu wamebeba wenziwe.

Sisemi kwamba Sista ameua, hasha. Nasema sheria iliyomfikiria hata yule ambaye mkono wake umeua kweli haiwezi kukosa la kumfaa yeye. Imamu wetu, nilipomweleza, alinikemea kwa upole kwamba ibada haibuniwi, na kafara ni ibada. Nilimjibu kwamba wanazuoni wa Shafi wameruhusu kiyasi, yaani kupimia jambo jipya kwa hukumu iliyokwisha kuwapo, katika kafara, na walioikataa ni Wahanafi, akatabasamu, akasema, "Kiyasi kina wenyewe, ndugu yangu, nawe si mmoja wao." Hilo nimelikubali. Lakini Sista hakungoja hukumu yetu: kila Jumatatu na Alhamisi hufunga, tangu aliporudi kutoka Ngara, na hajamweleza mtu sababu, wala mimi sikumwuliza.

Fungu la kafara, basi, hata likiitwa sunna tu, lina mwenye kulibeba. Fungu la pili ndilo lisilo na mwenyewe. Akila ya muuguzi wa kambini ni nani, kama si mashirika yaliyomtuma, serikali zilizoahidi fedha, na sisi sote tuliosikiliza taarifa ya habari kisha tukazima redio? Akila hiyo hailipi. Nyarugusu, kule Kasulu, kambi iliyofunguliwa mwaka 1996 kwa ajili ya Wakongo na baadaye ikafurika Warundi, mgao wa chakula ulipunguzwa mwaka 2017, ukapunguzwa tena mwaka 2023 hata ukafika nusu. Na anayemtazama mama usoni na kumpimia mwanawe mkono kwa utepe ni muuguzi, si yule aliyekata fedha. Mwenye kulemewa huitwa akakae na mshauri kwa saa moja, ingawa wachunguzi wa mambo haya wamekwisha kuona kwamba kikao kimoja cha namna hiyo hakimkingi mtu na maradhi ya fazaa. Kisha huusiwa sabra, na wanaomwusia ndio wenye uwezo wa kupeleka gari la vifaa mapema.

Mimi sitaki makubwa. Nataka likizo yenye mshahara, matibabu yasiyokoma mkataba unapokwisha, na zaidi ya yote, pale vifaa vinapokuwa vichache kuliko wagonjwa, iandikwe katika daftari la zamu ni nani aliyeamua viwe vichache, na atie saini yake, ili atakayelisoma baadaye ajue uamuzi ulianzia wapi. Nilipomtajia Sista shauri hili alicheka sana, akaniambia kwamba daftari lilikuwapo, tena zuri, lenye jalada gumu. Ila mahali pa saini palikuwa pamoja tu katika kila ukurasa, pa muuguzi wa zamu.