Mto Ruvuma na Swali la Jirani

Wengi wetu tumepata kuhudhuria Tamasha la MaKuYa hapa Mtwara. Jina lake limetokana na makabila matatu: Wamakonde, Wamakua na Wayao. Ngoma hupigwa, akina mama hupiga vigelegele, na wasemaji husifu umoja wa taifa letu. Nami hupiga makofi, maana umoja huo ni wa kweli. Lakini swali moja hunirudia kila mara: je, umoja huo waishia wapi?

Makabila hayo yote matatu yako pia ng'ambo ya Ruvuma. Ngoma ya vinyago ambayo huku huitwa midimu, kule huitwa mapiko. Mto huu waanzia milima ya Matogoro, karibu na Songea, nao waingia baharini upande wa Msimbati. Tangu zamani watu waliuvuka kwenda kuoa, kulima na kuzika. Mwaka 1886 Wajerumani na Wareno walipatana huko Ulaya kuufanya mpaka, wala hakuna mzee wa huku au wa kule aliyeulizwa.

Sisemi kwamba mpaka ni dhambi. Nyumba ina kuta, na serikali lazima ijue ni nani anayeingia. Tena hofu yetu si ya kubuni. Oktoba 2020 watu wenye silaha walivuka mto, wakashambulia kijiji cha Kitaya katika mkoa wetu, wakaua. Anayewaambia watu wa Kitaya wasiogope hajui asemalo. Lakini Machi 2021 mji wa Palma, ng'ambo, ulishambuliwa vivyo hivyo, na wenyeji wengi wakakimbilia kwetu. Shirika la Umoja wa Mataifa la wakimbizi lilieleza mwaka huo kwamba maelfu walirudishwa. Walikuwamo kina mama na watoto, wakimkimbia adui yule yule tunayemwogopa sisi.

Hapo nikakumbuka utoto wangu. Wakati wa vita vya ukombozi vya Msumbiji, vilivyoanza mwaka 1964, darasani mwetu alikuwamo mvulana aliyevuka mto usiku pamoja na mama yake. Kimakonde chake tulikielewa, na chetu alikielewa. Hata hivyo tulimwita Mmawia, kama wakubwa walivyowaita watu wa kule, nasi tulilitamka jina hilo kwa dharau. Siku moja tuligawiwa mihogo, tukakataa kuketi naye mkeka mmoja. Mwalimu hakutuchapa. Alichukua muhogo wake, akaenda kuketi karibu na mtoto yule, akala kimya. Baadaye, katika chuo cha ualimu, nilifundishwa njia nyingi za kufundisha, lakini sikuona iliyoishinda ile.

Yule mwanasheria katika Luka 10 alitaka neno "jirani" liwekewe mpaka, ili ajue wajibu wake waishia wapi. Bwana Yesu hakumwekea. Alimsimulia habari za Msamaria, mtu wa kabila lililodharauliwa, ambaye ndiye aliyesimama njiani.

Pale Mtambaswala liko daraja lililofunguliwa mwaka 2010, baada ya kuwa ndoto ya Mwalimu Nyerere na Samora Machel tangu mwaka 1975. Laitwa Daraja la Umoja. Halikufuta mpaka, maana kila upande una serikali yake. Lakini latufundisha kwamba neno umoja laweza kuvuka maji. Taifa lenye umoja ni kama nyumba imara: kuta zake ni za kuwalinda waliomo, na mlango wake ni kwa ajili ya anayebisha hodi usiku.

Kulinda mpaka si kazi yetu waumini. Wapo wenye kazi hiyo. Yetu ni ndogo zaidi, nayo hatuwezi kumwachia mwingine: ni jina tunalomwita mgeni anapotupa kisogo, na mkeka tunaokubali au kukataa kuketi naye.