Kiti cha Bodi ya Skuli ni Amana

Bismillahir Rahmanir Rahim. Twamshukuru Mwenyezi Mungu aliyemtukuza mwanadamu kwa ilimu, na twamuombea rehema na amani Mtume wetu Muhammad, pamoja na jamaa zake na sahaba zake.

Amma baad. Enyi ndugu zetu Waislamu, katika darsa yetu ya baada ya Magharibi tuliletewa suali na mmoja wa wenzetu. Wazazi wa skuli ya serikali iliyo mtaani kwake walimtaka asimame apigiwe kura, awe mjumbe wao katika Bodi ya Usimamizi. Naye ni mtu ajuaye hesabu, na neno lake laaminiwa. Akakataa. Alitwambia kuwa Mtume (S.A.W.) amekataza mtu kuutaka ukubwa, na kwamba yeye aiogopea nafsi yake. Usiku ule sote tulimsifu kwa uchaji wake, tukafunga kitabu, tukaenda kusali Isha.

Leo twaona kuwa tulifanya haraka. Kiti alichokikataa hakikubaki kitupu. Kilichukuliwa na mtu ambaye hapana aliyemtaka ila nafsi yake. Mikutano haendi, wala hali ya masomo haiulizi. Lakini yakitajwa madawati na saruji, huwa wa kwanza kufika. Na wazazi wale wale sasa wanung'unika barazani. Basi imetupasa tulirejee suali lile, tulitazame kwa insafu.

Hadithi aliyoitaja mwenzetu ni sahihi, wala hatuna haki ya kuipuuza. Mtume (S.A.W.) alimuusia Abdurrahman bin Samura asiuombe uamiri, kwani apewaye kwa kuuomba huachiwa yeye na mzigo wake, na apewaye pasi na kuuomba husaidiwa. Na Abu Dharr alipotaka kazi ya utawala, Mtume alimwambia kuwa yeye ni dhaifu, na kazi hiyo ni amana, na Siku ya Kiyama itakuwa hizaya na majuto, ila kwa aliyeichukua kwa haki yake na akatimiza yaliyo juu yake.

Lakini tuyatazame maneno hayo ya mwisho. Lau ukubwa wote ungalikuwa haramu, pasingalikuwapo na mtu wa kuvuliwa. Aliyekatazwa ni mwenye tamaa, na aliye dhaifu kwa kazi ile hata akiwa mcha Mungu kama Abu Dharr. Ama Nabii Yusuf (A.S.), alipoiona njaa inakuja Misri, hakujificha nyuma ya unyenyekevu. Alimwambia mfalme amuweke juu ya hazina za nchi, na akataja sifa mbili tu: kwamba ni mlinzi mwaminifu, na kwamba ana ujuzi. Hakutaja ukoo wake, wala uzuri wake, wala ndoto zake. Na mfalme yule hakuwa wa dini yake, na watu aliowalisha hawakuwa wa kabila lake. Wanavyuoni wamechukua hapa kuwa mtu mwenye uaminifu na ujuzi, akiona kuwa haki za watu zitapotea asipojitokeza, yafaa ajitokeze.

Basi njaa ya skuli zetu ni ipi? Tuangalie kazi za Bodi hii. Sheria ya Elimu ya Msingi ya mwaka 2013 iliweka katika Bodi ya Usimamizi watu 6 waliochaguliwa kwa niaba ya wazazi au jamii ya mahali pale, pamoja na wajumbe wa walimu, wa wafadhili wa skuli na wengineo. Ikawapa kazi ya kupokea fedha za skuli na kuzitolea hesabu, kuajiri watumishi wasio walimu, kuamua mashauri ya nidhamu ya wanafunzi, na kuangalia usalama na maslahi yao. Mambo haya ndiyo yale yale tuyateteayo kwenye kahawa kila jioni: ada imekwenda wapi, kwa nini choo cha wasichana hakina mlango, nani amuulizaye mwalimu mkuu.

Tena lipo jambo ambalo yatupasa sote tulizingatie. Wasichana wa Kiislamu wa skuli moja ya Isiolo walizuiwa kuvaa hijabu, na shauri likafika mahakamani. Mwaka 2016 Mahakama ya Rufani iliwapa haki. Mwezi wa Januari 2019 Mahakama ya Juu iliutengua uamuzi ule, kwa kuwa dai lile halikuletwa kwa njia ya sheria ipasayo. Lakini pia ikapendekeza kuwa Bodi ya skuli itunge kanuni za kuwazingatia wanafunzi wenye itikadi mbalimbali. Tazameni, ndugu zetu! Baada ya miaka ya mawakili na gharama, mahakama kubwa kabisa ya nchi ilielekeza kidole kwenye meza ile ile tuliyoikimbia. Aliyekosa kuketi pale siku kanuni inapoandikwa, atafanya nini siku binti yake anaporudishwa nyumbani?

Wazee wetu zamani za Mwingereza walikuwa na udhuru. Skuli nyingi zilikuwa mikononi mwa wamishionari, nao waliwachelea watoto wao dini yao. Khofu ile haikuwa ya bure, lakini malipo yake tungali twayalipa. Sheikh Al-Amin bin Ali Mazrui, aliyekuja kuwa Kadhi Mkuu wa Kenya na akafariki mwaka 1947, alikwisha kuwazindua Waislamu wa pwani katika gazeti lake la Al-Islah mwaka 1932, akiwahimiza waamke na waitafute ilimu. Hivi leo twaombwa tukae mezani, twasema tuna wara'. Udhuru wa babu zetu hatunao.

Na asiseme mtu kuwa skuli ya serikali haituhusu kwa sababu walimu wake si wa dini yetu wote. Baada ya vita vya Badri, Mtume (S.A.W.) aliwakubalia baadhi ya mateka wajikomboe kwa kuwafundisha watoto wa Madina kuandika. Walimu wale walikuwa washirikina, lakini waliolisimamia jambo lile walikuwa Waislamu wenyewe. Usimamizi ndio uliotofautisha.

Sasa twawaambia wenye kusimama. Mwenye kutaka kiti hiki na aiulize nafsi yake maswali mawili ya Nabii Yusuf: je, mimi ni mlinzi? je, mimi najua? Asiyeweza kusoma karatasi ya hesabu na ajifunze kwanza, au amuachie ajuaye. Mwenye duka la kuuzia skuli mchele na asiwe yeye muuzaji na yeye muidhinishaji. Wala asinunue kura kwa kilo ya sukari, kwani Mtume (S.A.W.) amemlaani mtoa rushwa na mpokeaji. Na ajue kuwa skuli ile si madrasa yetu peke yetu. Ni ya watoto wote, Waislamu na wasio Waislamu. Atakayewapigania wa kwake na kuwasahau wa jirani, amana ameikhini.

Na twawaambia wenye kuchagua. Mtume (S.A.W.) aliulizwa amana hupoteaje, akajibu kuwa ni pale jambo linapopewa asiyestahili. Basi kura yako nayo ni amana. Usimpe mtu kwa kuwa ni shemegi yako au ni wa mtaa wako. Mkimuona afaaye naye ana haya, mwendeeni kwake watu watatu wanne, mumtake nyinyi. Hivyo atakuwa ameombwa wala hakuomba, na msaada wa Mungu utamfuata. Wala msiwasahau kina mama: wengi wao ndio wajuao daftari la mtoto lina nini, na ndio waendao mikutanoni tukiwa sisi barazani.

Ama mwenzetu yule, tumemwendea tena nyumbani kwake. Tumemtaka radhi kwa sifa tulizompa mahali pasipostahili, na tumemuomba asimame uchaguzi utakaporejea. Hajatujibu, amesema ataswali Istikhara. Nasi twasema hilo ni jema, madhali akiinuka kwenye mswala hatalala.

Ewe Mola wetu, wape watoto wetu wasimamizi wenye kukuogopa na wenye kujua kazi yao, wala usitujaalie kuwa katika wanaozikimbia amana kisha wakawalaumu waliozichukua. Amin.