Alikuwa Anaficha Nini?

Kisa hiki hujirudia shuleni, hubadilika majina tu. Msichana wa kidato cha tatu anaombwa nywila ya simu yake na mpenzi wake, anakataa, anaachwa. Wiki haijaisha, skrinishoti za mazungumzo yao zimeshazunguka kwenye kundi la WhatsApp la darasa. Habari ikifika kwa watu wazima, aliyesambaza hasemeshwi. Anayewekwa kitimoto ni msichana: "Kwani ulikuwa unaficha nini?"

Maana ya kuamini haina haja ya kuzungushwa. Annette Baier, mwanafalsafa wa New Zealand, alishaieleza mwaka 1986: anayemwamini mwenzake anakubali kuwa mahali anapoweza kuumizwa naye, akitarajia kwamba hataumizwa. Kwa kipimo hicho, aliyevunja imani katika kisa hiki ni yule aliyesambaza. Ajabu ni kwamba kesi anafunguliwa mwingine.

Hoja inayombana msichana inajulikana: asiye na cha kuficha haogopi kukaguliwa. Walezi wanaitumia, walimu wa nidhamu wanaitumia, na mwaka 2009 Eric Schmidt, wakati huo mkuu wa Google, alisema maneno ya ukoo huohuo: kama kuna jambo hutaki mtu alijue, pengine usilifanye kabisa. Inasikika kama busara. Ichunguzwe basi.

Kwanza, simu ya msichana haibebi siri zake peke yake. Mna ujumbe wa rafiki aliyepitiliza siku zake na hajui amwambie nani. Mna dada anayelalamikia ndoa yake, na mama anayeomba deni lisitajwe mbele ya baba. Akitoa nywila, amewatoa wote hao kwa kijana wasiyemjua, wala hawakuombwa ruhusa. Anayeuliza "unaficha nini" angeuliza pia "unamfichia nani", na jibu lingekuwa la heshima kabisa.

Pili, ukaguzi hauzai imani unayodai kuitafuta. Kijana akisoma kila kitu asikute kosa, atakumbuka kwamba ujumbe hufutika. Tangu 2017 WhatsApp inamruhusu mtu kuufuta hata kwenye simu ya aliyeupokea. Hivyo atarudi kesho kukagua tena, na safari hii usafi wenyewe wa simu ndio utakaomtia shaka. Mwanafalsafa Onora O'Neill aliligusa jambo hili katika mihadhara yake ya BBC mwaka 2002: uwazi umeongezeka, imani haikuongezeka nao, na huenda adui wa imani ni udanganyifu kuliko usiri. Wanaomhoji msichana wanavichanganya viwili hivyo kana kwamba ni kimoja.

Tatu, Ibara ya 16 ya Katiba ya Tanzania inayalinda mawasiliano binafsi ya kila mtu. Haikuweka sharti kwamba kwanza athibitishe hana la kuficha.

Kweli, wapo wanaosalitiwa. Kweli pia, wapo watu wazima wanaojifanya vijana mtandaoni, na mzazi ana sababu ya kuwa macho.

Lakini shaka ya wapenzi imekuzwa pia na simu yenyewe. Enzi za barua, mpenzi wa shule ya bweni aliandikiwa kwa S.L.P. ya shule, na mara nyingi mwalimu aliifungua bahasha kabla yake. Faragha haikuwapo, lakini ukimya ulikuwa na watetezi wengi: posta, stempu, mvua zilizokata barabara, mwalimu wa zamu. Majuma matatu bila jibu hayakuthibitisha lolote. Novemba 2014 WhatsApp ikaleta tiki za bluu za kuonyesha kwamba ujumbe umesomwa, na watetezi hao wakafukuzwa kazi wote kwa pamoja. Watumiaji wakalalamika, kampuni ikawaruhusu wazizime. Haikusaidia sana, maana kuzizima nako kukageuka ushahidi. Katika utafiti wa taasisi ya Pew wa mwaka 2015 kwa vijana wa Marekani wa miaka 13 hadi 17, asilimia 27 ya waliowahi kuwa na mpenzi walisema mitandao huwatia wivu au shaka juu ya uhusiano wao. Walioshinikizwa na wapenzi wao kutoa nywila walikuwa asilimia 13.

Kwa hiyo wengi hawadai nywila, na bado wanahangaika. Wasiwasi wao si wa kubezwa. Yupo msichana aliyeshika simu ya mpenzi wake usiku, akaukuta ukweli, akaondoka mapema. Ni vigumu kumwambia alikosea. Tatizo ni kwamba mwenye sababu na mwenye wivu mtupu hushika simu kwa hofu ileile, na kabla ya kufungua hakuna kati yao anayejua yeye ni yupi. Kumshauri kijana wa miaka 16 avumilie kutojua kunaonekana kuwa bora kuliko kumruhusu akague. Lakini ushauri huo haujampa chochote yule aliyekuwa akidanganywa kweli, na wanaoutoa ni watu wale wale wanaopekua simu za wake na waume zao.