Kadari na Dumu la Maji Baridi

Mashine ya kupachika ikizimika katikati ya mkondo wa Pemba, boti ikaanza kwenda mrama, kila aliyemo hupiga dua. Hapo hakuna wa kulaumiwa. Mjadala huja baadaye, watu wakishafika pwani salama na fundi akishafungua mashine, akakuta njia za maji zimezibwa na chumvi iliyoganda. Mwenye boti hushusha pumzi na kusema ndivyo ilivyoandikwa.

Iliandikwa kweli? Wanazuoni wamelijadili suala la kadari na jitihada kwa karne nyingi, na mashine ya boti ni mahali pazuri pa kulipimia, kwa kuwa ugonjwa wake hauna fumbo. Kilo moja ya maji ya bahari hubeba takriban gramu 35 za chumvi. Pampu iliyo chini ya mashine huyavuta maji hayo, huyapitisha kandokando ya silinda ili kuipoza, kisha huyatema. Mashine ikizimwa, yaliyosalia ndani hukaushwa na joto na kuacha chumvi yake. Safari kwa safari njia huwa nyembamba, mpaka siku moja mashine inachemka. Nje nako kuna shughuli nyingine. Mwili wa mashine ni alumini, skrubu zake nyingi ni za chuma kisichoshika kutu, na metali mbili tofauti zikigusana ndani ya maji ya chumvi huzaa mkondo mdogo wa umeme. Iliyo dhaifu huliwa. Alumini haitoi kutu nyekundu: rangi huvimba, unga mweupe hutokeza, vishimo vinachimbika.

Abu Hamid al-Ghazali, aliyefariki mjini Tus mwaka 1111, hakuijua petroli, lakini hoja yake inafika hadi ufukweni. Katika Ihya Ulum al-Din alizigawa sababu ambazo mtu huzitumia katika mafungu matatu: za yakini, za dhana yenye nguvu, na za kuwaziwa tu. Mwenye njaa aliyewekewa chakula mbele yake, akakataa kunyoosha mkono kwa madai kwamba amemtegemea Mungu, Ghazali hamwiti mcha Mungu. Anamwona mwendawazimu. Kutawakali, kwake, ni hali ya moyo. Mkono unabaki na kazi yake.

Kwa kipimo hicho, kuisafisha mashine kwa maji baridi kila baada ya safari kunakaribia kabisa fungu la yakini. Wengine huiwasha ndani ya pipa la maji ya kisima, wengine huunga mpira wa bomba, kwa dakika 10 hivi. Chumvi ambayo haijaganda huyeyuka ikatoka. Hilo halihitaji imani. Kuzipaka gurisi shafti na skrubu, na kuiinua mashine isilale majini usiku kucha, kumo katika dhana yenye nguvu. Fungu la tatu Ghazali alilitolea mfano wa azima, na msomaji wa pwani hahitaji kuelezwa hirizi iliyofungwa kwenye mkono wa usukani iko fungu gani.

Kipande cha zinki kinachofungwa chini ya mashine kina kisa chake. Mwaka 1824 mwanakemia Humphry Davy alilieleza shirika la wanasayansi la Royal Society, London, kwamba shaba iliyofunikia matumbo ya merikebu za kivita za Uingereza ingeweza kuokolewa kwa kuigusisha na zinki au chuma. Metali hiyo ya pili ingeliwa badala ya shaba. Alikuwa sahihi: shaba ilibaki nzima. Tatizo ni kwamba shaba inapoyeyuka kidogo kidogo huwa sumu kwa viumbe vya baharini, na sasa haikuyeyuka tena. Magugu na chaza wakajazana chini ya merikebu, mwendo ukapungua, na vipande vile vikaondolewa. Davy alitumia sababu barabara, matokeo yakampita. Hapa ndipo kutawakali kunapopata nafasi yake halali: baada ya kazi kufanywa.

Siku hizi zinki inalinda mashine vizuri, kwa masharti. Iguse metali tupu ya mashine, isipakwe rangi, na ibadilishwe inapoliwa kiasi cha nusu. Fundi anayeipaka rangi ili mashine ipendeze ameiua dawa.

Wakristo nao huikumbuka sura ya 6 ya Injili ya Mathayo, ambapo Yesu anataja hazina za duniani zinazoharibiwa na nondo na kutu. Onyo lile ni la moyo unaoabudu mali. Halimpi mtu ruhusa ya kuiacha mali ya mwenzake ioze. Ni kweli kwamba hakuna mashine itakayodumu milele. Alumini hutolewa katika udongo wa boksiti kwa umeme mwingi, na bahari haichoki kuirudisha ilikotoka. Kuisha ni kadari. Kuisha mapema ni jambo la kuulizana.

Na fikihi huuliza. Nahodha aliyekabidhiwa boti ameshika amana: ikiharibika bila kosa lake, halipi, ikiharibika kwa uzembe wake, analipa. Kisingizio cha kadari hakimwokoi. Lakini haki inataka tajiri naye aulizwe. Kwenye fukwe nyingi hakuna bomba, maji baridi hununuliwa kwa madumu, na baharia aliyerudi usiku na samaki kidogo hatatoa fedha mfukoni kuosha mali ya mtu mwingine. Mwenye boti asiyetoa maji amekwisha kuchagua, hata kama hajasema.

Basi enyi wenye boti, petroli na barafu hukatwa kwenye pato kabla ya mgawo. Likateni na dumu la maji baridi.