Nasibu Yenye Kanuni

Tumezoea kuuona mpangilio na nasibu kama mahasimu, penye mmoja mwingine hakai. Namba zenyewe zinakataa. Pai, yaani uwiano wa mzingo wa duara kwa kipenyo chake, haina hata tarakimu moja iliyoachiwa bahati. Kanuni fupi huzitoa zote. Lakini katika tarakimu milioni moja za kwanza baada ya nukta, 7 hutokea mara 99,800 na 3 mara 100,229, kama vile zimechotwa kwa bahati nasibu. Kuanzia nafasi ya 762, 9 hujipanga mara sita mfululizo, mahali ambapo mtu angeapa kuna fumbo. Na hadi leo hakuna aliyethibitisha kwamba ulingano huo wa tarakimu utadumu.

Upande wa pili, mpangilio unaoonekana waziwazi huweza kuhadaa. 1, 2, 4, 8, 16: nani asiyejibu 32? Sasa weka nukta kwenye mzingo wa duara, uziunganishe zote kwa mistari minyoofu, mistari mitatu isikutane mahali pamoja ndani, kisha uhesabu vipande. Nukta moja hadi tano zinatoa namba hizohizo. Ya sita inatoa 31. Ndiyo maana namtilia shaka anayefuatilia bei ya tenga la nyanya katika soko la Ilula kwa misimu mitano, akatangaza kwamba ameugundua mzunguko wake. Mzunguko huenda upo, maana bei ikiwa nzuri wengi hulima, na mavuno yakifika sokoni kwa pamoja bei huanguka. Ila kinachoubeba ni sababu hiyo, si zile namba tano.

Mtu atasema: basi nasibu ni jina tu la kutojua kwetu. Kwa pai hoja hiyo ina nguvu. Lakini mwaka 1965 mwanahisabati Andrei Kolmogorov alitoa kipimo kisichomtegemea mtazamaji: mfuatano ni wa nasibu iwapo hakuna maelezo ya kuuzalisha yaliyo mafupi kuliko wenyewe. Pai inafupishika, hivyo ina sura tu ya nasibu. Mifuatano iliyo mingi haifupishiki, kwa kuwa maelezo mafupi ni machache mno kuitosha yote. Wala hakuna programu ya kompyuta iwezayo kutuamulia jambo hilo kwa kila mfuatano.

Walimu wa hisabati, mnapouliza namba inayofuata, ulizeni na kanuni. Anayejibu 31 na kuonyesha duara lake anastahili alama zote.