Je, Ukame ni Adhabu? Ushahidi wa Mchanga wa Omani

Mvua zikichelewa, Waislamu wa Tanga, Lamu na Garissa hutoka uwanjani kuswali swala ya kuomba mvua. Imamu hugeuza joho lake, waumini huleta istighfari, na mara nyingi hotuba huangukia hoja moja: mbingu zimefungwa kwa sababu ya dhambi. Makanisani nako hoja hiyo haikosekani. Ina mizizi mirefu, kwani Kurani inasimulia kaumu ya Adi, waliokaa kwenye vilima vya mchanga na kuangamizwa kwa upepo uliovuma usiku saba na siku nane. Lakini je, kila ardhi inapokauka, binadamu ana haki ya kumtafuta mkosaji?

Kuna shahidi ambaye ni nadra kuitwa katika shauri hili: mchanga wenyewe.

Mchanga wa Sharqiya nchini Omani, unaoitwa pia Wahiba, umeenea takriban kilomita za mraba 12,500, na baadhi ya matuta yake yana kimo cha mita 100. Matuta hayo yamelala kutoka kusini kwenda kaskazini kwa sababu yalijengwa hasa na kusi, upepo uleule uliorudisha majahazi Maskati kutoka Zanzibar. Chini ya mchanga unaohamahama upo mchanga wa kale ulioshikamana ukawa jiwe, na humo zimo alama za mizizi. Mimea iliota pale, kisha ikafukiwa.

Ilifukiwa lini? Jibu limo ndani ya punje. Punje ya kwatzi iliyo ardhini hupokea bila kukoma mnururisho mdogo wa urani, thoriamu na potasiamu zilizo jirani yake. Mnururisho huo hung'oa elektroni, na baadhi hunaswa kwenye kasoro za fuwele. Punje ikipigwa na jua, elektroni hizo huachiliwa na hesabu huanza upya. Ikifukiwa, hujikusanya tena. Ndiyo maana mtafiti hupigilia bomba kwenye ukuta wa tuta, akaziba ncha zake, na kulifungua ndani ya chumba chenye taa nyekundu hafifu. Punje huoshwa kwa asidi, kisha humulikwa, nazo hutoa mng'ao dhaifu unaopimwa. Mng'ao huo ukilinganishwa na mnururisho wa kila mwaka mahali pale, hujulikana punje ililiona jua mara ya mwisho miaka mingapi iliyopita. Njia hii ya mwanga ilielezwa na David Huntley na wenzake, nchini Kanada, mwaka 1985.

Mwaka 2002 Frank Preusser, Dirk Radies na Albert Matter walichapisha historia ya matuta ya Sharqiya inayorudi nyuma miaka 160,000. Sehemu ya mchanga ule ni vipande vya magamba ya viumbe wa baharini. Katika zama za barafu bahari ilishuka, na miaka 20,000 hivi iliyopita ilikuwa chini ya kiwango cha leo kwa takriban mita 120. Sakafu yake ilibaki wazi, na upepo ukaichota.

Upande wa pili wa habari umo katika Pango la Hoti, kaskazini mwa Omani. Nguzo zake za chokaa zilikua kwa maji ya mvua kati ya miaka 130,000 na 120,000 iliyopita, na tena kuanzia miaka 10,500 hadi 6,000 hivi iliyopita. Huko Alathar, kwenye jangwa la Nefud nchini Saudi Arabia, watafiti walitangaza mwaka 2020 nyayo za binadamu, tembo na ngamia kwenye tope la ziwa la kale, zikikadiriwa kuwa na umri wa miaka 120,000 hivi. Chanzo kikuu cha zamu hizi za kijani na ukavu kinajulikana: mhimili wa dunia hulewalewa kama pia, na kila baada ya takriban miaka 21,000 jua la kiangazi cha kaskazini huzidi nguvu na kuzivuta mvua za monsuni ndani ya Arabuni.

Ziwa la Alathar lilipokauka hapakuwa na mji wala mfalme. Tembo walioacha nyayo zao pale hawakumkana mtume yeyote.

Wapo watakaohofu kwamba maelezo haya yanamwondoa Mungu. Hofu hiyo ina jibu la zamani. Siku aliyofariki Ibrahim, mwana wa Mtume Muhammad, jua lilipatwa, na watu wa Madina wakasema limepatwa kwa ajili ya kifo chake. Mtume aliwakatalia: jua na mwezi ni ishara za Mungu, na havipatwi kwa kufa wala kuishi kwa mtu. Papo hapo akawaamuru waswali. Mwishoni mwa karne ya 11, Al-Ghazali alilirejelea tukio hilo katika Tahafut al-Falasifa, akionya kwamba anayepinga hesabu za kupatwa kwa jina la dini anaidhuru dini yenyewe. Kumbe sababu ya kimaumbile na swala vinakaa pamoja bila kugombana.

Kinachoondoka ni hukumu juu ya wengine. Habari ya Adi ilikuja kwa wahyi, na hakuna khatibu wa leo aliyeteremshiwa wahyi juu ya ukame wa wilaya yake. Muumini anaweza kutubu dhambi zake mwenyewe, na ni vyema atubu. Kumnyooshea kidole msichana kwa mavazi yake, mgeni aliyehamia kijijini, au bibi kizee anayesingiziwa kuzuia mvua, ni kumdhulumu mtu kwa jambo ambalo mchanga unaonyesha lilikuwa likitokea kabla ya kijiji chochote kujengwa.

Hata hivyo, lipo eneo ambamo matendo ya watu yanaonekana waziwazi. Mvua za zama za kijani ziliacha maji chini ya Arabuni, na mvua za leo haziwezi kuyarudisha. Kuanzia miaka ya 1980 Saudi Arabia iliyavuta kwa pampu kulima ngano, hata ikawa inauza nje, mpaka mwaka 2008 serikali ilipoamua kupunguza hatua kwa hatua ununuzi wa ngano ya ndani hadi kuusimamisha mwaka 2016. Khatibu anayetaka kuhutubu juu ya dhambi na maji ana pa kuanzia: visima vilivyochimbwa, zao lililomwagiliwa, na wajukuu ambao hawakuulizwa.