Mchagua Jembe

Wahenga walisema kwa mkato: mchagua jembe si mkulima. Methali hii nimeisikia tangu shule ya msingi, nikawa naitikia tu. Mwaka jana ndipo iliponikaba, dukani Kariakoo, mbele ya kamera mbili za mtumba.

Ya kwanza Nikon D3300, iliyotoka mwaka 2014, ya mtu anayeanza. Ya pili D7200 ya mwaka 2015, ya mtu aliyekwisha kunogewa. Bei ya pili ilikaribia mara mbili ya ile ya kwanza. Mfukoni nilikuwa na hela ya upatu ya mama, aliyonikabidhi kwa neno moja: “Mwanangu, itakayobaki tutamalizia ada ya mdogo wako.” Nikichukua kubwa, haibaki hata senti.

Washikaji kijiweni hawakuwa na shaka. “Bwana wee, chukua ya maana! Utaingia harusini na kitoto hicho?” Nami moyoni nilishakubali, eti kwa sababu naipenda kazi.

Hebu tujiulize: kupenda chombo bora ndiko kupenda kazi bora?

Kamera zote mbili zina megapikseli 24. Mpige mtu aliyetulia, kivulini, saa nne asubuhi, kwa lenzi ileile. Sidhani kama utajua picha ipi ni ya ipi. Tofauti iko kwingine. D7200 ina alama 51 za kufokasi, mwenzake 11. Ina magurudumu mawili ya kuseti, mwenzake moja. Tena ina mota ndani yake ya kuzungusha zile lenzi za zamani za bei poa. Kwenye D3300 utazizungusha kwa mkono. Kwa hiyo yuko mtu ambaye kamera rahisi itamtia gharama. Sisemi kwamba kubwa ni ubishoo.

Lakini mimi je? Nilijiuliza pale pale: ni picha gani nimewahi kuikosa kwa sababu ya hizo alama 11? Sikuwa na jibu. Nilikuwa sijapiga hata harusi moja! Kumbe nilichokitamani ni ule mzigo shingoni, watu wanipishe njia. Na huo mzigo ungelipiwa na mtoto wa kidato cha pili.

Hapa nina ugomvi mdogo na wahenga. Mkulima huchagua jembe, bwana. Bibi yangu alikuwa nayo mawili, la palizi na la kuvunjia ardhi, na ole wako uyachanganye. Ila alichagua kwa mikono iliyokwisha kulima. Seydou Keïta wa Bamako alianza na Kodak Brownie, zawadi ya mjomba wake mwaka 1935. Studio yake aliifungua mwaka 1948, na humo akafanya kazi kwa kamera kubwa ya negativu za sentimita 13 kwa 18. Naye alichagua jembe, ila baada ya miaka ya kulima. Ubaya basi hauko katika kuchagua. Uko katika kuchagua kabla ya kulima.

Nikachukua ndogo.

Miezi minane baadaye, ukumbini, taa zimefifishwa, bibi harusi anaingia akicheza. Kamera ikahangaika kumtafuta, lenzi inakwenda mbele na nyuma, mpaka akapita. Ile picha niliikosa kweli, na mama yake bibi harusi aliidai. Niliona aibu, sitaki kusema uongo. Lakini sasa najua ninachokitaka na kwa nini, na ada ilikwisha lipwa. Naweka akiba yangu mwenyewe, kidogo kidogo.

Na wewe mwenzangu unayengoja kompyuta ndipo uanze riwaya, nakuuliza bila ubaya: ni sentensi gani iliyokukatalia kwenye daftari?